Choroko: ganda lina kazi yake, kiini kina yake

Loweka choroko usiku kucha, asubuhi chukua moja uiminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda la kijani linateleza na kutoka zima, jembamba kama ngozi ya kitunguu, na mkononi kinabaki kiini cha njano hafifu kilichogawanyika mapande mawili. Makosa mengi tunayoyaona kwa wanaotumia choroko kama tiba au kama kipodozi yanaanzia hapo. Anayetaka maji ya kupoza mwili anachemsha choroko zilizokobolewa, anaishia na uji wa wanga. Anayetaka kusafisha uso anasaga choroko nzima na maganda yake, kisha anashangaa ngozi inawaka moto.

Choroko tunazozisema ni zile wengine huziita pojo, na wengine ndengu. Jina lake la kisayansi ni Vigna radiata. Zisichanganywe na dengu, hata kama majina yanakaribiana, kwa sababu mtu akisaga dengu kwa kufuata vipimo vya choroko atapata unga mzito, wenye mafuta zaidi na unaonata. Choroko zilianza kulimwa India zamani sana, zikasambaa Asia nzima, na huko ndiko zilikojenga sifa ya kuwa chakula na dawa kwa pamoja.

Ganda ndilo lenye sehemu kubwa ya viteksini na isoviteksini, kemikali za jamii ya flavonoidi ambazo huzuia uharibifu wa chembe hai unaoletwa na oksijeni. Hizo huhitaji muda mfupi tu kuyeyuka katika maji ya moto. Kiini ni wanga na protini. Gramu 100 za choroko kavu zina protini karibu gramu 24, pamoja na foleti, yaani vitamini B9, zaidi ya maikrogramu 600, kiwango ambacho mbegu chache hukifikia. Kwa hiyo kazi ya maji ya kunywa ni ya ganda. Kazi ya kulisha mgonjwa na kusafisha uso ni ya kiini. Ukishika hilo, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa na maana.

Kabla ya jiko, uchambuzi. Mwaga choroko kwenye ungo au sinia jeupe uziangalie mchana, si kwa taa. Toa mawe, vumbi na punje zilizokunjamana. Punje yenye tundu la mviringo imebunguliwa na fukusi, na ndani yake kuna unga uliochanganyika na uchafu wa mdudu. Kwenye chakula ni kero, kwenye uso ni chanzo cha mwasho. Zitie ndani ya maji, zinazoelea zitoe. Zenye harufu ya ukungu zitupe zote, hata kama ni chache zinazoonekana kuharibika, maana sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Na kuna hatari moja watu huisahau: choroko za kupandia hupakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, mara nyingi zikiwa na rangi ya waridi, bluu au kijani kinachong'aa kupita kawaida. Hizo haziliwi, hazipakwi, na haziokolewi kwa kuoshwa mara saba.

Tuanze na maji ya choroko, kwa kuwa ndiyo yanayosifiwa sana na ndiyo yanayoharibiwa sana.

Katika tiba ya jadi ya China, choroko huhesabiwa kuwa na tabia ya baridi, na maji yake hunywewa majira ya joto kali ili kupoza mwili, kukata kiu na kutuliza vipele vya joto. Li Shizhen, tabibu wa karne ya 16, aliiweka choroko miongoni mwa dawa alizozieleza. Vipimo ni hivi: gramu 100 za choroko nzima, yaani karibu nusu kikombe, kwa lita moja na robo ya maji. Usiziloweke. Zioshe haraka, zichuje. Maji yachemke kwanza, ndipo choroko ziingie yakiwa yanatokota. Funika. Yakirudi kutokota, hesabu dakika 8 hadi 10, epua, chuja papo hapo. Choroko zitakuwa bado nzima na ngumu kidogo. Zirudishe sufuriani na maji mapya uzipike mpaka ziive kwa mboga, hakuna kinachopotea.

Mimina maji hayo kwenye bakuli jeupe uyatazame. Yakitoka vizuri ni ya kijani angavu, kama chai changa. Yaache mezani bila kufunikwa, na baada ya nusu saa utaona kingo zinaanza kuwa njano, kisha hudhurungi, mwisho wekundu wa kutu. Hiyo ni kazi ya oksijeni juu ya zile kemikali za ganda, ile ile inayolifanya tunda lililokatwa kugeuka rangi. Maji mekundu si sumu, yanywe ukipenda, ila ulichokuwa unakitafuta kimeshabadilika.

Wengi hupata wekundu hata kabla ya kuepua, na sababu huwa moja kati ya nne. Kwanza, maji yenyewe ni ya chokaa, yaani yana ualikali; kamulia matone matano hadi kumi ya ndimu kwenye lita ya maji kabla ya kuchemsha, kijani kitakaa. Pili, sufuria ni ya chuma kinachoshika kutu. Tumia ya chuma cha pua, ya udongo au ya enameli. Tatu, mpishi anafunua kila dakika kuchungulia, na kila akifunua anaingiza hewa. Nne, na hii ndiyo inayotusikitisha zaidi, mtu ametia magadi ili choroko zilainike upesi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanageuza rangi mara moja na kuua vitamini B1. Kwa maji ya kunywa yasikaribie kabisa.

Kunywa glasi moja au mbili kwa siku, yakiwa vuguvugu au ya baridi ya kawaida. Sukari si lazima; chumvi kidogo inafaa zaidi kwa aliyetoka jasho jingi. Wenye tumbo jepesi, wanaoharisha kwa urahisi, huambiwa katika tiba hiyo ya China wasiyazoee, na uzoefu unakubaliana nao: glasi mbili kabla ya kula chochote zinatosha kuwafanya wahangaike. Hayakai nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, ndani ya chupa iliyojazwa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, yatafaa siku moja hadi mbili.

Sasa mpaka wake. Maji ya choroko hayachukui nafasi ya mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha au kutapika. Huyo anahitaji lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, au pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini. Kipimo cha chumvi kisizidishwe. Na aliyezidiwa na joto akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba au amezimia, mwili unawaka hadi nyuzi 40 na kuendelea, huyo hapewi kinywaji cha aina yoyote mdomoni. Anatolewa juani, anavuliwa nguo nzito, anamwagiwa maji, anapepewa na kukimbizwa hospitali.

Vivyo hivyo kwa sumu. Ile sifa ya kale kwamba choroko "huondoa sumu" imewapoteza watu. Mtu amekunywa dawa ya wadudu au mafuta ya taa, jamaa wanakaa kuchemsha choroko, na zile dakika ambazo zingemfikisha kwa daktari zinateketea jikoni. Hakuna mbegu inayofanya kazi hiyo. Mwaka 2010 nchini China, mtu aliyejiita bingwa wa lishe alipata umaarufu mkubwa kwa kuwahimiza watu kula choroko kwa wingi ili kuponya magonjwa mazito. Bei ya choroko ikapanda, na baadaye ikabainika kwamba sifa za kitaaluma alizojitangazia hazikuwa za kweli. Choroko haikuwa na kosa. Kosa ni kuipa mzigo usio wake.

Kiini sasa. Nchini India, tiba ya Ayurveda huiita choroko mudga na huiona kuwa nyepesi kuliko jamii nyingine zote za kunde, ndiyo maana mgonjwa anayeanza kula tena hupewa yenyewe. Huo ni ushauri tunaouamini. Aliyetoka kuumwa homa au tumbo hana hamu, hana nguvu ya kutafuna, na matumbo yake hayajatulia. Choroko iliyokobolewa na kupasuliwa, ikipikwa na mchele, inampa protini bila kumlemea. Vyakula hivi viwili hukamilishana pia: kati ya viambajengo vya protini, choroko ina lisini nyingi na methionini kidogo, mchele una upungufu wa lisini lakini methionini unayo ya kutosha kuziba pengo.

Chukua gramu 50 za choroko zilizokobolewa na gramu 50 za mchele. Osha pamoja mpaka maji yawe meupe kidogo tu, loweka nusu saa, mwaga maji. Weka lita moja ya maji safi, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kilichopondwa, na robo kijiko cha chai cha manjano. Yakichemka, povu zito litapanda. Liondoe kwa kijiko, la sivyo litafurika na kuzima jiko. Punguza moto, acha mfuniko wazi kidogo, pika dakika 35 hadi 40 huku ukikoroga chini kila baada ya muda, maana kiini kikishazama huganda na kuungua haraka. Imeiva pale ukiinua kijiko na usiweze kutofautisha punje ya mchele na pande la choroko. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mwisho kabisa, kaanga nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba kwenye kijiko kimoja cha samli, umimine juu.

Siku ya kwanza mpe mgonjwa majimaji ya juu tu, nusu kikombe kila baada ya saa mbili au tatu. Akiyastahimili, siku inayofuata mpe mchanganyiko mzima. Usiharakishe kutia mboga, nyanya au pilipili. Vitu vyenye uchachu kama nyanya, ukwaju na ndimu viingie choroko zikishaiva. Vikitangulia, ukuta wa punje hukaza na unaweza kuchemsha saa mbili bila kulainika. Choroko zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu nazo hukataa kuiva, na hapo hakuna ujanja ila kuloweka saa 12 na kuvumilia moto. Baadhi ya punje hata maji hazinywi. Baada ya kuloweka, pitisha vidole chini ya bakuli; utazihisi kama changarawe, ndogo na za kung'aa. Zitoe, zitavunja jino la mtu.

Gesi tumboni hutokana na sukari za jamii ya rafinozi, ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozila na kutoa hewa. Choroko inazo kiasi, ingawa si kama maharage. Loweka, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa mengine. Ukiziacha zichipue, sukari hizo hupungua zaidi.

Kuchipusha ni rahisi mno: loweka saa 8 hadi 12, chuja, weka kwenye chombo chenye matundu kilichofunikwa kwa kitambaa, suuza kwa maji safi mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya siku mbili au tatu mkia mweupe unakuwa umejitokeza vizuri. Vitamini C, ambayo choroko kavu karibu haina, hujitokeza. Lakini unyevu na joto vinavyoamsha mbegu huwaamsha na bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu yaliyokuwa na bakteria wa E. koli yaliwafanya watu maelfu waugue na kuua zaidi ya 50. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wasile machipukizi mabichi; yapikwe mpaka yatoe mvuke pande zote. Yakiwa na utelezi au harufu ya chumba kilichofungwa, yatupwe.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kabla ya kuzifanya choroko chakula cha kila siku, kwa kuwa gramu 100 za choroko kavu zina potasiamu zaidi ya gramu moja. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma avitenganishe na mlo wa choroko kwa saa mbili; ganda na fitati za ndani hushika chuma kisifyonzwe. Mwenye kisukari atafurahi kwamba choroko nzima hupandisha sukari ya damu taratibu, ila vidonge vyake visiachwe kwa sababu hiyo.

Tumefika kwenye ngozi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo uvumilivu unapolipa.

Kusini mwa India unga wa choroko huogewa badala ya sabuni, hasa baada ya kusinga mwili kwa mafuta, kwa kuwa unaondoa mafuta yaliyozidi na kuiacha ngozi bila ukavu. Kerala huuita cherupayar podi. Tamil Nadu huuchanganya kwenye nalangu maavu, pamoja na manjano mwitu, mizizi ya vetiveri, nyasi yenye harufu nzuri, na petali za waridi zilizokaushwa. Wakorea wa enzi ya ufalme wa kale wa Joseon walinawa kwa jodu, unga wa choroko na kunde nyekundu. Watu hao wote, waliokaa mbali mbali, walifika kwenye jambo lile lile: kiini cha choroko kina saponini, zinazotoa povu hafifu na kushika mafuta, na kina wanga laini unaonyonya. Sabuni nyingi za kipande zina pH, yaani kipimo cha asidi na ualikali, ya 9 au 10. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, karibu 5, na uji wa choroko hauvuki 7. Ndiyo maana uso ulionawiwa kwa choroko haukazi.

Unga mzuri hutengenezwa nyumbani, na siri yote iko kwenye ukavu na chekeche. Chukua gramu 250 za choroko zilizokobolewa. Zisugue kati ya vitambaa viwili vya unyevunyevu, au zipitishe kwenye maji kwa sekunde chache tu, kisha zitandaze kwenye kitambaa safi juani siku nzima, mbili kama hali ni ya mawingu. Pima kwa meno: pande liking'atwa livunjike kwa mlio, lisijikunje. Ukitaka kuondoa harufu ya ubichi, zipashe kwenye kikaangio kikavu kwa moto mdogo kabisa, dakika tano, ukigeuza bila kupumzika. Zikibadilika rangi umezichelewa. Unga wake utanukia karanga na hautatoa povu.

Zikipoa kabisa, saga kidogo kidogo, sekunde 30 kisha pumzisha mashine. Ukisaga mfululizo, visu hupata joto, unyevu uliobaki ndani ya choroko unatoka kama mvuke na unga unashikana kwenye kuta. Acha vumbi litulie dakika tano kabla ya kufunua, funga kitambaa puani, hasa mwenye pumu. Chekecha kwenye chungio la matundu madogo, kinachobaki juu kisage tena. Kisha chekecha mara ya pili kupitia kitambaa chepesi kilichofumwa kwa karibu. Hiyo mara ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha unga wa uso na unga wa bajia. Weka unga kidogo juu ya mdomo wa chini uusambaze kwa kidole. Mdomo hauongopi: ukihisi hata chembe moja ya mchanga, unga huo ni wa mwili, si wa uso.

Wenye kutaka unga wenye ganda wautumie kwenye visigino na viwiko. Vipande vya ganda vilivyosagwa vina kingo kali. Vikiangaliwa kwa kioo cha kukuzia vinaonekana kama vigae. Shavu lenye chunusi likisuguliwa navyo, vichwa vya chunusi vinapasuka na maambukizi yanasambaa.

Namna ya kunawa: kijiko kimoja cha chakula cha unga, karibu gramu 8, na kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya maji. Koroga, acha dakika tatu hadi tano wanga unywe maji. Hatua hii si ya mapambo. Unga usiopumzika unanyonya maji kutoka usoni badala ya bakulini. Mchanganyiko uwe kama mtindi mzito, usidondoke kijikoni kwa urahisi. Lowesha uso, paka kwa viganja kwa mizunguko myepesi nusu dakika hadi dakika moja, usisugue, kisha suuza kwa maji vuguvugu. Pitisha maji mara ya pili kwenye nyusi, kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, ambako unga hujificha na kukauka kama mba.

Ukitaka kuuacha usoni kwa muda, dakika 8 hadi 10 zinatosha. Uondoe ungali na unyevu. Ile hali ya kusubiri mpaka uso ukakamae na kupasuka nyufa, ambayo wengi huiona ni dalili kwamba dawa "inavuta uchafu", ni unga unaovuta maji ya ngozi, na siku ya pili utaona magamba kando ya pua. Mara mbili kwa wiki kwa ngozi ya mafuta, mara moja kwa ngozi kavu. Kwa ngozi kavu tumia mtindi usio na sukari badala ya maji, au ongeza nusu kijiko cha chai cha asali. Manjano, ukiyataka, yasizidi ncha ya kisu; yanapaka rangi taulo na ngozi nyeupe, na ndiyo maana Wahindi huchagua manjano mwitu, yasiyoshika rangi sana.

Ndimu usiitie. Tumeisifu kwenye sufuria, lakini usoni ni jambo jingine. Asidi yake ni kali mno kwa ngozi, na maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaweza kuleta malengelenge, na baada yake madoa meusi ya kukaa miezi. Magadi nayo yasitiwe, kwa kuwa yanaondoa faida yenyewe ya kuikimbia sabuni.

Kwa harara, yale vipele vya joto shingoni na mgongoni, rudi kwenye maji ya ganda. Yapoe kabisa, chovya kitambaa safi, kiweke dakika 10, acha ngozi ikauke kwa hewa. Usinyunyize unga mkavu kwapani au kwenye mikunjo ya mtoto. Jasho linaugeuza uji, uji unachacha, na harara inakuwa kidonda.

Choroko itasafisha, itapunguza mng'ao wa mafuta, itatuliza ngozi iliyochoka na sabuni. Haiondoi makovu, haibadilishi rangi ya mtu, na chunusi kubwa zenye maumivu zilizozama ndani zinahitaji daktari wa ngozi.

Ngozi yenye ukurutu, iliyochanika au iliyonyolewa muda mfupi uliopita isipakwe. Chakula kikipita kwenye ngozi iliyojeruhiwa, mwili unaweza kukitambua kama adui, na baadaye mtu akakila na kuvimba. Nchini Japani, sabuni ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaachia watu zaidi ya 2,000 mzio wa ngano; wengine walikuwa wakila mkate maisha yao yote bila shida. Choroko ina protini zake, basi tahadhari ni ile ile, hasa kwa watoto wachanga. Mwenye mzio wa karanga, soya au kunde yoyote asijaribu bila kumwuliza daktari. Wengine wapake kiasi cha sarafu ndani ya kiwiko, dakika 10, waoshe, wasubiri siku mbili. Wekundu, uvimbe au mwasho ukitokea, waishie hapo.

Unga mkavu ukae kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza, nje ya bafu, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Utafaa miezi miwili hadi mitatu. Ukianza kufanya mabonge, kunuka uchachu au kuonyesha vijiuzi vya wadudu, mwaga. Uliochanganywa na maji ni wa wakati huo huo tu. Saa chache baadaye umeshaanza kuchacha, hata kama macho hayaoni. Na mabaki ya bakuli yasimwagwe kwenye sinki kwa maji ya moto, maana wanga utaiva ndani ya bomba na kuliziba. Yafute kwa karatasi kwanza, au yamwagie maua.